FEDHA HIZI ZATOKA FUNGU GANI?

Mazungumzo ya Katibu wa Tawi mbele ya mkutano wa wanachama, Masara. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamu na hawakuweza kuhudhuria.



Najua ya kuwa wengi wenu mmetoka mashimoni sasa hivi, na wengine mmeacha mawe yenu hayajapondwa. Kwa hiyo sitawachosha kwa salamu ndefu. Nitaingia katika jambo lililotuleta.

Wiki tatu zilizopita alikuja mtu ofisini kwetu. Alikuja kwa adabu, akaketi, akanywa chai yetu. Alisema ametumwa na mheshimiwa mmoja mwenye cheo. Jina la mheshimiwa huyo sitalitaja, maana hoja yetu leo si mtu, ni desturi. Mjumbe alisema mheshimiwa amesikia taabu za wafanyakazi wa Masara, naye angependa kutupa shilingi laki mbili kwa sanduku letu la kusaidiana, pamoja na mashine moja ya kusagia mawe. Kwa upande wetu tuliombwa kitu kidogo tu: orodha ya wanachama wote, na nambari za vitambulisho vyao, na jina la kituo ambapo kila mmoja hupigia kura.

Nilimwuliza, "Fedha hizi ni zake mwenyewe au ni za ofisi yake?" Akacheka akasema, "Katibu, wewe pokea, mengine utayajua mbele."

Kamati iligawanyika. Wengine walisema tupokee, kwa sababu sanduku letu ni jepesi na wagonjwa ni wengi. Wengine walisema tukatae. Mimi mwenyewe nakiri mbele yenu kwamba siku ile sikujua la kusema. Laki mbili si fedha ya kuchezea. Basi kamati ikaamua ya kuwa nichunguze, kisha nije niwaeleze, nanyi wenye chama mkate shauri. Haya ndiyo niliyoyapata.

MFANO WA SANDUKU LETU

Tuanze na jambo tunalolijua sote. Kila mwezi kila mmoja wetu hutoa ada yake. Haba na haba hujaza kibaba. Fedha hizo hukaa kwa mweka hazina, na kila mwaka lazima hesabu zikaguliwe na kusomwa mbele yenu.

Sasa chukulieni kwamba mwakani tuna uchaguzi wa viongozi wa tawi. Nami, Katibu wenu, miezi michache kabla ya uchaguzi nafungua sanduku, natoa fedha zenu, nanunua sukari na blanketi, nawagawia nyumba kwa nyumba, na kusema, "Hii ni zawadi kutoka kwangu." Je, mtanishukuru? Hapana. Mtaniita mwizi, na tena mwizi mwenye dharau, kwa maana nimewaibia kisha nikadai shukrani.

Ndugu zangu, serikali nayo ni sanduku. Ukinunua sabuni umetoa kodi. Ukinunua mafuta ya mashine umetoa kodi. Hata asiyepata mshahara wa mwezi huchangia kila aendapo dukani. Kwa hiyo mwenye cheo akichukua fedha za sanduku hilo na kutuletea kana kwamba zimetoka mfukoni mwake, amefanya lile lile ambalo msingenikubalia mimi. Tofauti ni kwamba yeye sanduku lake ni kubwa, na sisi hatujazoea kudai hesabu yake.

DHAHABU AMBAYO HAIKUCHIMBWA

Nataka sasa niwakumbushe habari moja ya kweli, nayo inatuhusu sisi watu wa Masara zaidi ya wengine, kwa sababu ni habari ya dhahabu.

Ninyi mwaijua dhahabu. Mwajua ya kuwa mtu aweza kushinda shimoni wiki nzima, na mama akaponda mawe mpaka viganja vikatoka malengelenge, na mwishowe ikapatikana chembe ambayo haijazi ukucha. Mgodi mkubwa wa Macalder, hapa jirani yetu, ulifungwa mwaka 1966. Tangu hapo dhahabu ya upande huu imetolewa zaidi kwa mikono yetu wenyewe.

Basi mnamo mwaka 1990 kampuni moja iitwayo Goldenberg International iliiambia serikali kwamba itauza nje dhahabu na almasi na kuiletea nchi fedha za kigeni. Serikali ikakubali kuilipa fidia ya shilingi 35 kwa kila shilingi 100 za mali itakayouzwa nje. Kenya haina mgodi wa almasi. Na dhahabu yetu ninyi mwajua kipimo chake. Hata hivyo karatasi zilijazwa na malipo yakatolewa. Mwaka 2003 Rais Mwai Kibaki aliunda tume chini ya Jaji Samuel Bosire kuchunguza jambo hilo, na ripoti yake ikatolewa Februari 2006. Ilionekana wazi ya kuwa mali iliyodaiwa kuuzwa nje ilikuwa mali ya makaratasi, na ya kuwa mabilioni ya shilingi za umma yalikuwa yametoka. Dhahabu haikuchimbwa Masara, haikuchimbwa popote, lakini fedha zililipwa kweli.

Sasa tazameni wakati wenyewe. Tarehe 29 Desemba 1992 Kenya ilifanya uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya 1960. Chama cha KANU kilikuwa kimetawala peke yake kwa muda mrefu, nacho kiliogopa. Miezi ile fedha zilimwagika nchini kama maji. Kulikuwa na kundi la vijana lililoitwa YK'92, na noti ya shilingi 500 ilionekana kwa wingi hata watu wakaibatiza "Jirongo", jina la mwenyekiti wa kundi lile. Wazee waliopo hapa wanakumbuka. Rais Moi alishinda kwa kura kama 36 katika kila mia, kwa kuwa wapinzani waligawanyika.

Tusiulize leo nani alishinda. Tuulize nani alilipa.

Mwaka uliofuata, 1993, bei za vitu zilipanda kwa karibu asilimia 46. Hesabuni pamoja nami. Mfanyakazi aliyekuwa akipata shilingi 2,000 kwa mwezi sasa alihitaji kama 2,900 kununua unga ule ule, mafuta yale yale na sabuni ile ile. Yaani mtu aliyepewa noti moja ya 500 mara moja, wakati wa kampeni, baadaye alitozwa karibu noti mbili kila mwezi. Na jirani yake ambaye hakupewa hata senti alitozwa vile vile. Sisemi kila senti ya kupanda kwa bei ilitokana na uchaguzi. Wafadhili walikuwa wameshikilia misaada tangu Novemba 1991, na mambo mengine pia yalikuwapo. Lakini fedha zikimwagwa bila kazi iliyofanyika, lazima bei zipande, na anayeumia kwanza ni mtu wa mshahara.

Ndiyo sababu mwaka huo wa 1993 COTU ilidai mishahara iongezwe kwa asilimia 100 na kuitisha mgomo, na Katibu Mkuu wake, Joseph Mugalla, akakamatwa. Wafanyakazi walikuwa wakidai kurudishiwa kile kilichokwisha kuliwa.

Tena kuna mfuko wetu wa NSSF, ambao ulianzishwa mwaka 1965 ili mfanyakazi asizeeke katika ufukara. Katika miaka hiyo ya 1990 mfuko ule ulinunua viwanja na majumba kwa bei kubwa kupita thamani yake. Zile zilikuwa fedha zilizokatwa katika mishahara ya watu. Kikulacho ki nguoni mwako.

KARANI MMOJA ALIYEULIZA

Katika habari hii yote yuko mtu mmoja ambaye nataka wafanyakazi wamkumbuke. Hakuwa mheshimiwa. Alikuwa karani katika Benki Kuu, jina lake David Munyakei. Kazi yake ilikuwa kupitisha karatasi. Akaona malipo makubwa yanapita mbele yake, na sababu zake hazilingani na akili. Akauliza. Hakupata jibu. Akatoa nakala, zikafika mikononi mwa wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 jambo likajulikana Bungeni na nchi nzima.

Alipata nini? Alikamatwa na kushitakiwa kwa kutoa siri za serikali. Kesi haikusimama, lakini kazi yake hakurudishiwa. Miaka mingi baadaye alipewa tuzo za heshima, ila tuzo hailipi kodi ya nyumba. Alifariki mwaka 2006, mwaka ule ule ripoti ya Jaji Bosire ilipotolewa, akiwa maskini.

Nalisema hili ili msiniambie kwamba kuuliza ni jambo rahisi. Si rahisi. Mtu mmoja akiuliza peke yake huumizwa. Lakini watu mia wakiuliza swali moja siku moja, kwa barua moja, hawawezi kufukuzwa wote. Kama chama hakiwezi kufanya kazi hiyo, basi sijui ada yetu ni ya nini.

UNGA WA BEI NAFUU

Mtu ataniambia, "Katibu, hayo ni ya zamani." Basi tuje karibu. Mwezi Mei 2017, miezi mitatu kabla ya uchaguzi, serikali iliteremsha bei ya unga wa mahindi hadi shilingi 90 kwa pakiti ya kilo mbili. Tarehe 20 Julai 2022, zikiwa zimebaki siku 20 kufika siku ya kura, bei iliteremshwa kutoka shilingi 205 hadi 100, kwa muda wa wiki nne. Uchaguzi ulipokwisha, na unafuu ule ukaisha.

Hapa nataka tuwe waadilifu. Nyakati zote mbili palikuwa na ukame, na njaa ilikuwa ya kweli. Siwezi kusimama mbele ya mama mwenye watoto watano na kumwambia ya kuwa unga wa shilingi 100 ni mbaya. Mimi mwenyewe niliununua, pale nilipoupata, kwa maana madukani ulikuwa haba. Lakini yafaa kuuliza: Njaa ilikuwapo tangu mwaka uliotangulia. Kwa nini huruma ilifika Julai? Na kwa nini iliondoka pamoja na masanduku ya kura?

Nchi ya Brazil imelitazama jambo hili hili. Sheria yao ya uchaguzi yakataza serikali kugawa mali au msaada wa bure katika mwaka wa uchaguzi, isipokuwa kuna maafa au dharura, au msaada huo ulikuwa umewekwa na sheria na tayari ulikuwa katika bajeti ya mwaka uliotangulia. Maana yake hawakusema maskini wasisaidiwe. Walisema msaada usiote ghafula kama uyoga baada ya mvua ya kampeni.

SHERIA YETU YASEMAJE

Nasi tunazo sheria, tena si haba. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 yakataza kutumia mali ya umma kwa kampeni, na yakataza serikali kutangaza mafanikio yake kwa matangazo wakati wa uchaguzi. Tena sheria hiyo yasema anayempa mpiga kura rushwa ana hatia, na mpiga kura anayeipokea ana hatia vile vile.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 226, yasema kwamba mwenye ofisi ya umma akiidhinisha fedha za umma zitumike kinyume cha sheria, yeye mwenyewe atawajibika kulipa hasara hiyo, hata kama amekwisha toka katika cheo. Na tarehe 8 Agosti 2022, siku moja kabla ya kura, Mahakama ya Juu ilitamka kwamba sheria ya mwaka 2013 ya mfuko wa maendeleo wa maeneo ya bunge, yaani CDF, ilikuwa kinyume cha Katiba. Sababu mojawapo ndiyo ile mjuayo katika chama: anayepaswa kukagua matumizi asiwe ndiye mtumiaji.

Harambee nayo imewekewa mipaka. Harambee ilianza kama kazi njema ya watu kujijengea shule na zahanati. Baadaye wakubwa waliigeuza kuwa jukwaa, kila mtu akitaka mchango wake utangazwe kwa kipaza sauti. Sheria ya Maadili ya Maofisa wa Umma ya mwaka 2003 ilimkataza ofisa kutumia ofisi yake kukusanya michango. Julai 2024, baada ya vijana kuandamana nchi nzima, Rais Ruto naye alitangaza kwamba maofisa wa serikali wasishiriki tena katika harambee.

Basi kama sheria ni nyingi hivi, ufa uko wapi? Ufa uko katika neno "mapema".

Sheria ya Makosa ya Uchaguzi, kwa sehemu kubwa, hushika katika kipindi cha uchaguzi, yaani tangu Tume itoe tangazo katika Gazeti la Serikali hadi matokeo yatangazwe. Lakini mwenye hila hangoji tangazo. Hugawa mwaka mmoja kabla, au miaka miwili. Wakati huo haitwi mgombea, huitwa mfadhili. Hagawi rushwa, anafanya "uwezeshaji". Halafu siku ya tangazo anaosha mikono, kwa maana kazi yake imekwisha. Sheria ya kupima gharama za kampeni ilitungwa mwaka 2013, lakini haikutumika katika uchaguzi wa 2017 wala wa 2022, kwa kuwa wale wale ambao ingewabana ndio wenye mamlaka ya kuiahirisha.

Uchaguzi mkuu ujao, kwa hesabu ya Katiba, ni Jumanne ya pili ya Agosti 2027, yaani tarehe 10. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Kwa hiyo bajeti zinazopitishwa kabla ya siku hiyo ndizo za kutazamwa mstari kwa mstari. Tukisubiri Agosti tutakuwa tumechelewa.

MASWALI MATATU YA KUPIMIA

Baada ya kufikiri sana nimeona ya kuwa hatuhitaji kuwa mawakili. Yatosha kuuliza maswali matatu kila tunapoletewa kitu.

La kwanza: Fedha hizi zatoka fungu gani? Fedha halali za serikali zina mstari wake katika kitabu cha bajeti, na zina karatasi. Kama hakuna mstari, basi ama zimeibwa mahali pengine, ama ni za mtu binafsi, naye aseme amezipata wapi.

La pili: Zinatolewa kwa nani? Msaada wa haki humfuata mwenye shida. Rushwa humfuata mwenye kura. Mtu akitaka kujua kama mjane wa Masara ana njaa, hana haja ya kujua kituo chake cha kupigia kura.

La tatu: Zitaendelea baada ya uchaguzi? Dawa zilizo katika bajeti zitakuwapo hospitalini mwezi Septemba. Blanketi la kampeni halina ndugu.

Sasa pimeni ile laki mbili na ile mashine. Fungu halikutajwa. Aliyelengwa si mwenye shida, ni mwenye kadi ya kura. Na wakati ni huu tunaouona. Imeanguka maswali yote matatu.

Na ile orodha ndiyo bei yenyewe. Nambari zenu za vitambulisho mliziweka kwa chama kwa amana. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hainiruhusu kumpa mtu habari zenu bila ridhaa yenu. Na hata isingekuwapo sheria, orodha ile ingekuwa kamba. Siku ya baada ya kura mtu angeitazama na kusema, "Masara nimewalisha, mbona kituo kile wamenitupa?" Kura ni siri, lakini kituo cha watu mia chache ni siri ndogo.

NINALOPENDEKEZA

Sipendekezi tumtukane mtu. Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, orodha ya wanachama isitolewe kwa mtu yeyote.

Pili, tuandike barua kwa mheshimiwa, kwa heshima, tukiuliza: fedha hizi ni za nani, zatoka fungu gani, ni nani aliyeziidhinisha, na tawi letu lilichaguliwa kwa njia gani? Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yasema ofisi ya umma ijibu katika siku 21. Msidhani barua kama hizi ni kazi bure. Mwaka 2017 taasisi moja ya raia, Katiba Institute, iliomba kuelezwa gharama za matangazo ya serikali ya kujisifu kabla ya uchaguzi. Ikanyimwa. Ikaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikaamuru habari hizo zitolewe.

Tatu, kama mashine ya kusagia mawe ni haja ya kweli, nayo ni haja ya kweli, tuidai kwa mlango wa mbele. Tuhudhurie mikutano ya bajeti ya Kaunti ya Migori, tuseme tunataka mashine ya wachimbaji wote, yenye mstari wake, yenye risiti yake, na itakayokuwapo bila kujali nani ameshinda. Hapo haitakuwa zawadi. Itakuwa haki.

Huko Homa Bay, katika kisiwa cha Rusinga, amezikwa Tom Mboya, ambaye alianza kama mfanyakazi wa baraza la mji wa Nairobi na kuwa Katibu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi kabla ya Uhuru. Watu wa kizazi chake walidai kura wakati ambapo Mwafrika hakuwa nayo. Tusiiuze kwa bei ya blanketi.

Umoja ni nguvu.

MASWALI NA MAJIBU

Mama mmoja mponda mawe: Ndugu Katibu, mtoto wangu yuko sekondari na karo sina. Nikipewa basari nayo nikatae?

Jibu: Hapana, mama, usikatae. Basari iliyo katika bajeti ni mali yako. Ichukue kama unavyochukua mshahara. Ila usikubali mtu aikabidhi kwa kipaza sauti na kukuambia umlipe kwa kura. Muulize tu kama na mtoto wa jirani mwenye shida kama yako ameandikwa. Kama wameandikwa watoto wa wapambe peke yao, tuletee habari.

Kijana mmoja wa mashimoni: Wako wanaosema tule vyao, kisha kura tumpe tumtakaye. Kuna ubaya gani?

Jibu: Maneno hayo hupendeza mdomoni. Lakini si vyao, ni vyako. Unapokula unamsaidia kuthibitisha kwamba njia ya cheo ni kugawa, na yule mwema asiye na cha kugawa hataweza kusimama. Tena aliyegawa hujilipa. Akishindwa amekwisha kula sanduku. Akishinda atalila tena ili kufidia. Ninyi mtamaliza noti siku moja, yeye ana miaka mitano.

Mzee mmoja: Katibu, umesema vizuri. Lakini ninyi viongozi wa vyama, je? Wakati wa uchaguzi tunawaona mmevaa fulana za watu.

Jibu: Mzee, umenipiga mahali penye kidonda. Mwaka 2022 mimi nilipokea fulana na shilingi elfu moja kutoka kwa mpambe mmoja, nikawapeleka wanachama kumi na wawili kwenye mkutano. Nilijiambia ni nauli tu. Baadaye palitokea jambo la wafanyakazi ambalo lilitaka niende kwa watu wale wale nikawaulize kwa ukali. Nilikwenda, lakini sauti haikutoka. Mtu aliyekwisha kula elfu yako anakutazama usoni, nawe unainama. Tangu siku hiyo nimejua ya kuwa kinachonunuliwa si kura peke yake, ni ulimi. Naomba radhi kwa mkutano huu. Na napendekeza kiongozi yeyote wa tawi atakayepokea kitu cha kampeni, nikiwamo mimi, aandike mbele ya kamati au atoke katika kiti.

(Mwenyekiti alitaka kura kwa kuinua mikono. Mapendekezo matatu ya Katibu yalikubaliwa, pamoja na hilo la nne. Wachache walipinga, nao walipewa nafasi ya kueleza sababu zao, ambayo kubwa ilikuwa kwamba wagonjwa hawawezi kungoja siku 21. Kwa sababu hiyo sanduku lilipitishwa pale pale mkutanoni kwa ajili ya wagonjwa wawili, na kila aliyetoa aliandikwa. Barua kwa mheshimiwa imekwisha pelekwa. Jibu likija litapigwa chapa katika gazeti hili. Lisipokuja, hilo nalo litapigwa chapa.)